Dar–Mwanza: Saa Moja na Nusu Tu?

Muulize mtu wa Dar aliyezoea ndege, Mwanza ni mbali kiasi gani. Hatakutajia kilomita hata moja. Atakujibu, "Aah, saa moja na nusu tu!" Atasema huku anapunga mkono kama anayefukuza nzi, utadhani Mwanza iko pale Kibaha ukikata kona.

Mimi nimeisema kauli hiyo kwa miaka miwili. Nilimwambia bosi wangu kila nilipoomba ruhusa ya kutoka mapema Ijumaa. Nilimwambia mama yangu alipouliza huyu mchumba wa mbali tutaonana naye lini. Niliwaambia mashoga zangu saluni, wale wanaokuangalia kwa huruma ukitaja tu kwamba mwenzio yuko mkoani. Na zaidi ya wote nilimwambia yeye mwenyewe, kila alipotaka kuanzisha yale mazungumzo.

Mnayajua, wapenzi wasomaji. Yale ya nani anamfuata nani.

Mchumba wangu anafanya kazi Mwanza, kwenye kiwanda cha kusindika samaki. Yeye ndiye anayehakikisha minofu ya sangara haitoki nje ya nchi ikiwa na kasoro. Mimi ni mhasibu, ofisi yangu iko Posta. Utaratibu wetu ulikuwa rahisi: wikiendi moja ya mwezi anakuja yeye, nyingine naenda mimi. Akisema, "Mpenzi, tutaishi hivi mpaka lini?" namjibu, "Kwani shida iko wapi? Ni saa moja na nusu tu." Anacheka, yanaisha.

Nilichelewa sana kugundua kwamba mwenzangu alikuwa anacheka peke yake, na kicheko chenyewe kilikuwa kinapungua.

Hesabu ya hewani

Tuanze na ukweli, maana kauli yangu si ya uongo. Ukichora mstari ulionyooka kwenye ramani kutoka uwanja wa ndege wa Julius Nyerere hadi ule wa Mwanza, unapata kama kilomita 850. Ndege ya jeti ikishatulia juu hukimbia zaidi ya kilomita 800 kwa saa. Kwa hesabu ya darasa la saba, hiyo ni saa moja na dakika chache.

Lakini ndege haianzi safari ikiwa juu. Inasogea taratibu hadi kwenye njia ya kurukia, inasubiri zamu, inapanda, na kabla ya kutua inaanza kupunguza mwendo mapema. Ule muda unaouona kwenye tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka pale ilipoegeshwa hadi inapoegeshwa tena kule inakokwenda. Ndiyo maana saa moja na kitu inakuwa saa moja na nusu. Ukipangiwa pangaboi badala ya jeti, ongeza kama nusu saa hivi, kwa sababu mwendo wake ni mdogo. Usilalamike. Pangaboi inaruka chini kidogo, na ukikaa dirishani unaiona nchi vizuri zaidi.

Sasa njoo kwenye hesabu ya mlango kwa mlango. Ijumaa yangu ilikuwa hivi: natoka ofisini saa 8 mchana kwa sababu foleni ya Barabara ya Nyerere haina adabu. Nafika uwanjani, napanga mstari wa ukaguzi, nasubiri. Ndege inaruka saa 11 na nusu jioni. Natua Mwanza saa 1 usiku, nasubiri begi, tunapanda teksi. Uwanja uko kama kilomita 10 kutoka katikati ya mji. Tunakaa mezani saa 2 usiku.

Kutoka saa 8 mchana hadi saa 2 usiku ni saa 6. Ile saa moja na nusu ninayoitangaza ni robo tu ya safari. Zile robo tatu nilikuwa sizitaji kwa mtu, hata kwangu mwenyewe.

Ijumaa iliyoniumbua

Mwezi wa kumi mwaka jana nilitakiwa kwenda kutambulishwa kwa wakwe. Kikao kilikuwa Jumamosi, saa 7 mchana, nyumbani kwa mama yake, Mkolani. Shangazi zake wawili walikuwa wanatoka Magu. Nilinunua kitenge kipya, nikasuka, nikafunga zawadi ya mama mkwe kwenye karatasi ya maua. Ndege yangu ilikuwa ya Ijumaa jioni kama kawaida.

Nikiwa nimeshafika uwanjani, ujumbe ukaingia kwenye simu: safari imeahirishwa hadi kesho jioni. Samahani kwa usumbufu. Basi.

Nilikwenda dirishani, nikabembeleza, nikanuna, nikabembeleza tena. Ndege nyingine zote mpaka Jumamosi mchana zilikuwa zimejaa. Nikampigia mwenzangu. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Sasa wazee nitawaambia nini?" Hakugomba. Afadhali angegomba.

Nikachukua bodaboda, begi mgongoni, kitenge ndani, hadi Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis. Zamani nisingeweza, maana mabasi hayakuruhusiwa kusafiri usiku. Ruhusa ya safari za saa 24 ilirudi mwaka 2023. Saa 2 usiku nilikuwa nimekaa kiti cha dirishani, pembeni yangu bibi mmoja mwenye kapu la nazi.

"Unafika wapi, mwanangu?"

"Shikamoo bibi. Mwanza."

"Marahaba. Basi vua viatu kabisa, maana ni mbali."

Nilitaka kumwambia kwamba ni saa moja na nusu. Nikavua viatu.

Nchi ambayo sikuwahi kuiona

Kwa barabara, Dar hadi Mwanza ni kama kilomita 1,150. Basi haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ya watu ni 50. Piga hesabu mwenyewe: hata lisingesimama popote, hiyo ni zaidi ya saa 14. Na basi linasimama. Linasimama mizani, linasimama kushusha, linasimama kuchimba dawa.

Morogoro niliipita nikiwa bado nina hasira. Gairo niliipita nimelala mdomo wazi. Saa 10 alfajiri tulikuwa Dodoma, taa zimetapakaa, baridi inapenya dirishani. Kulikucha tukiwa tumeshapita Manyoni, na Singida ilipofika nilikuwa macho kabisa: mawe makubwa yamekaa juu ya mengine kama yaliyopangwa, ziwa linang'aa kando ya mji, na akina mama wanakimbilia madirishani na madumu ya mafuta ya alizeti. Bibi yangu alinunua mawili baada ya kubishana bei mpaka dereva akaanza kupiga honi.

Baada ya hapo ukaja mteremko wa Sekenke. Jamani! Barabara inajikunja kushuka ukingoni, na huko chini tambarare imetandazwa hadi macho yanachoka. Nimevuka nchi hii kwa ndege zaidi ya mara ishirini, na Sekenke sikuwahi kuisikia. Igunga, Nzega, Tinde, Shinyanga. Majina niliyokuwa nayajua kutoka kwenye taarifa ya habari sasa yalikuwa na miti, ng'ombe, na watoto wa shule waliotupungia mikono.

Kila baada ya saa mbili tatu mwenzangu aliniandikia, "Mmefika wapi?" Namtajia mahali. Anajibu, "Bado mbali." Tangu tuanze mapenzi yetu hajawahi kuniuliza nimefika wapi. Ndege haina hapo katikati. Unazima simu ukiwa Dar, unaiwasha ukiwa Mwanza, unaandika, "Nimetua."

Saa 9 alasiri tukaingia stendi ya Nyegezi. Saa 19 njiani. Miguu ilikuwa imevimba kama maandazi. Mwenzangu alikuwa amesimama pale nje na shati lake la kikao, jasho limeloa mgongoni. Hatukusema kitu. Alichukua begi langu, na mimi nikaona jinsi alivyochoka, kana kwamba na yeye amesafiri.

Shangazi auliza swali

Wazee walikuwa wamesubiri saa mbili. Nilijifunga kile kitenge juu ya nguo za safari, nikaingia, nikapiga goti, nikaamkia. "Mwadila," shangazi mkubwa akanisalimia Kisukuma, nami nikajibu kama nilivyofundishwa. Wakacheka. Presha ikashuka kidogo.

Waliposikia nimekuja na basi, chumba kizima kilichangamka. Nilitegemea pole, nikapata hadithi. Mama mkwe alisimulia treni ya reli ya kati alipokuwa msichana, unapanda Mwanza, unalala njiani usiku mmoja, unalala wa pili, ndipo unaiona Dar. Tawi la reli kutoka Tabora lilifika Mwanza mwaka 1928, na kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa njia ya watu wa Ziwa.

Shangazi akamkatiza. Yeye alikwenda Dar kumuuguza dada yake miaka ya 2000 mwanzoni. Wakati huo barabara ya kati, hasa kati ya Dodoma na Singida na kuendelea huku, ilikuwa ya vumbi, na masika ilikuwa ya kuomba Mungu. Mabasi mengi yalikuwa yanazungukia Kenya: Mwanza, Musoma, Sirari, Kisii, Nairobi, Namanga, Arusha, ndipo Dar. "Kutoka Tanzania kwenda Tanzania," alisema, "nikagongewa mihuri kama naenda Ulaya!" Lami ilipokamilika njia ya Singida, mambo ya kukata hati ya kusafiria ili ufike Dar yakaisha.

Tulicheka sana. Kisha shangazi akafuta machozi ya kicheko kwa kanga, akanigeukia.

"Sasa mwanangu, mkishaoana mtaishi wapi?"

Kauli yangu ilikuja hadi kwenye ulimi. Niliisikia kabisa: ni saa moja na nusu tu, shangazi. Nikaangalia miguu yangu iliyovimba. Nikamwangalia mwenzangu, naye alikuwa anaangalia sakafu, kwa sababu alishajua nitajibu nini.

Nikasema, "Shangazi, bado hatujakubaliana. Mimi ndiye niliyekuwa nakwepa."

Hakuna aliyenigombeza. Mama mkwe alisema tu, "Basi kubalianeni kabla ya barua ya posa. Mahari haijengi nyumba mbili." Wakaleta sato na ugali, na kikao kikaendelea.

Dakika 25 za jua

Wazee walipoondoka, tulikwenda Capri Point, tukakaa kwenye mawe kando ya maji. Ilikuwa saa 12 na nusu jioni na jua lilikuwa bado lipo, limekaa juu ya ziwa kama lisilotaka kuondoka. Nikampigia mama yangu kumweleza kwamba nimefika salama. Kwake Dar taa zilishawashwa, giza limeingia.

Mwenzangu akanieleza jambo ambalo nilipaswa kulijua tangu shule. Saa zetu ni moja nchi nzima, lakini jua halifuati saa ya ukutani. Dunia inazunguka nyuzi 15 kila saa, yaani kila nyuzi moja ni dakika 4. Mwanza iko magharibi ya Dar kwa nyuzi 6 na kidogo. Kwa hiyo, kwa wastani wa mwaka, jua linazama Mwanza kama dakika 25 baada ya kuzama Dar.

"Kila siku nikikupigia jioni," alisema, "wewe unaniambia giza limeingia, mimi niko nje na jua. Miaka miwili najua uko mbali kwa kuangalia dirishani. Wewe ulikuwa unaangalia tiketi."

Nikatoa simu, nikafungua kikokotoo. Ijumaa saa 2 usiku hadi Jumapili saa 9 alasiri, muda wa kurudi uwanjani, ni saa 43. Mara mbili kwa mwezi, saa 86. Mwezi una saa 720. Tulikuwa tunapeana chini ya sehemu moja ya nane ya maisha yetu.

"Na humo ndani tunalala," akasema.

Nikatoa saa 28 za usingizi. Zikabaki 58. Siku mbili na nusu kila mwezi, nami nilikuwa naziita uhusiano usio na umbali.

Nikamwambia ukweli siku ile. Nilikuwa naogopa. Dar ndiko aliko mama yangu, kazi yangu, mashoga zangu, mimi mwenyewe ninayejijua. Kumfuata mtu mikoani kulinitisha, na kumwambia aache kazi yake anifuate niliona aibu. Saa moja na nusu ilinipa ruhusa ya kutochagua. Ndege ilikuwa inanisaidia kuahirisha.

Yeye naye akakiri lake: alikuwa amepata nafasi Dar mwaka uliopita, yenye mshahara mdogo, akaikataa bila kuniambia, kwa sababu kila alipotaja umbali mimi nilicheka. Hilo liliniuma kuliko saa 19 za basi.

Tulikubaliana mambo mawili: kila mmoja aombe kazi upande wa mwenzake, na atakayepata kwanza iliyo ya maana, ndiye atakayehama. Na kauli ya saa moja na nusu tukaipiga marufuku.

Imeniangukia mimi. Ofisi yangu imekubali kunihamishia tawi la Mwanza, cheo kikiwa chini kidogo ya nilichonacho. Nimesaini. Kusema nimesaini kwa furaha tupu nitakuwa nawadanganya. Nimesaini nikiwa nimepiga hesabu kamili, mara ya kwanza.

Wiki iliyopita nilikwenda kumwambia mama. Alikuwa anachambua mchele. Akauliza bila kuinua kichwa, "Hivi huko Mwanza ni mbali?"

"Ni mbali, mama," nikamjibu. "Kilomita 1,150."

Akaendelea kuchambua. Baada ya muda akasema, "Basi utanikatia tiketi ya basi. Na mimi niione hiyo Sekenke."

UKITAKA KUMFUATA MWENZIO MWANZA

Kwa ndege: kata tiketi mapema, na kama una jambo la siku maalumu, safiri siku moja kabla. Usipange kutua jioni ya mkesha kama nilivyofanya mimi.

Kwa basi: panda Mbezi Luis, shuka Nyegezi. Safari ya usiku inakupa Singida na Sekenke asubuhi. Beba kanga, maji, na viatu vya kuvua.

Kwa treni: tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakwenda kutoka Dar hadi Dodoma, ukaendelea na basi. Ni njia nzuri ya kuigawa safari mkiwa wawili.

Mkiwa na nusu siku: boti hadi Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, ni dakika chache tu kutoka mjini. Jioni nendeni Jiwe la Bismarck kuona jua likizama.

Mkiwa na siku nzima: vukeni Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Awali hapo mlikuwa mnasubiri kivuko.

Na kabla hujakata tiketi ya kurudi: hesabu saa zenu za mwezi. Zote, pamoja na zile za foleni.